Kidonge kilichofichwa ndani ya sanduku la khanga



Majuma machache yaliyopita tulifikiwa na ujumbe kutoka Buswelu, ulioandikwa na mke wa kijana wa nyumba moja ya Waislamu wa huko. Alikuwa akimsaidia mama mkwe wake kuanika khanga zilizoshika unyevu wa mvua. Katika kupindua sanduku akaona pakiti za vidonge zimefungwa ndani ya leso, hazijaguswa. Alipozihesabu alikuta ni dawa za miezi minne. Mama huyo alitibiwa saratani ya titi miaka miwili nyuma: alifanyiwa upasuaji, akachomwa sindano za dawa kwa miezi kadhaa, na alipomaliza akaambiwa ameze kidonge kimoja kila siku kwa muda wa miaka mitano. Kila jioni mwanawe alipomwuliza, alijibu kwamba amekwisha kumeza.

Binti alituuliza jambo moja tu: amwambie mumewe, au anyamaze ili asimvunjie mkwewe heshima?

Tulimwomba kwanza azungumze na mkwewe faragha, asimwendee kwa lawama, na akiridhia atupigie simu. Mama aliridhia. Tulizungumza naye kwa muda mrefu, na kwa idhini yake tunaandika haya bila ya kumtaja jina, kwa kuwa tunaamini yapo masanduku mengine yenye siri kama hiyo, Mwanza na kwingineko.

Hatukumkuta mama mbishi wala aliyekata tamaa na maisha. Alikuwa na sababu zake, na kila moja ilikuwa na uzito. Joto lilikuwa likimpanda ghafla kutoka kifuani hadi usoni, mara nyingi katikati ya Swala, jasho likamtiririka mpaka akaona haya kusimama safuni pamoja na wenzake. Asubuhi vidole vilikuwa havikunjiki, na magoti yalimuuma kiasi cha kushindwa kuinuka kutoka kwenye sijda bila ya kushika ukuta. Sababu ya tatu aliitaja kwa sauti ya chini, nasi tutaitaja kwa adabu: tendo la ndoa limekuwa maumivu, anamkwepa mumewe, na anahofia kwamba mzee ataoa mke mwingine, ilhali mwenyewe hajamwambia ni kwa nini anamkwepa.

Sababu ya nne ndiyo iliyompa ujasiri wa kuacha. Siku moja dawa zilipomwishia aliingia katika duka la dawa, na muuzaji akamwambia, "Mama, hizi ni dawa za kuzuia homoni za kike. Wewe hedhi imekwisha kukoma, una homoni gani tena ya kuzuiwa?" Mama akaona neno hilo lina mantiki. Akanunua kwa kuwa fedha alikuwa nazo, lakini akazitia sandukuni.

Tuanze na neno hilo la muuza dawa, maana ndilo lililoharibu mengi, na kwa juujuu kweli linaonekana ni la haki.

Mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma hedhi ikiwa imepita miezi 12 mfululizo bila ya damu, na kwa wanawake walio wengi hilo hutokea kati ya miaka 45 na 55. Wanachuoni wa Fiq'hi huuita umri huo sinnul-ya'si, umri wa kukata tamaa ya hedhi, na Qur'ani yenyewe imeuzingatia katika Suratut-Talaaq, aya ya 4, ilipoweka hukumu ya eda. Kinachokoma hapo ni kazi ya ovari. Homoni ya estrojeni haikomi kabisa. Tezi zilizo juu ya figo huendelea kutoa homoni nyingine, na kimeng'enya kiitwacho aromatasi, ambacho hupatikana zaidi katika mafuta ya mwili, huzigeuza kuwa estrojeni. Kiasi chake ni kidogo ukilinganisha na siku za ujana, lakini kwa aina za saratani ya titi zinazolishwa na homoni, kidogo hicho kinatosha.

Kwa hiyo kuna dawa za namna mbili. Ya kwanza ni tamoksifeni, ambayo haizuii homoni kutengenezwa. Yenyewe hukaa penye kipokezi cha estrojeni ndani ya chembe ya titi, mithili ya mtu aliyewahi kiti, na mwenye kiti akija hapati pa kukaa. Namna ya pili ni ile ya anastrozoli na letrozoli. Hizi hukizuia kile kimeng'enya chenyewe, na hutumiwa khasa na wanawake waliokwisha kukoma hedhi, kwa sababu wao hawana tena chanzo kikubwa cha ovari. Dawa aliyopewa mama yetu ilikuwa anastrozoli. Yaani muuzaji alisema kinyume kabisa cha ukweli: dawa ile aliandikiwa kwa sababu hedhi yake imekoma!

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1896 daktari mpasuaji wa Glasgow, George Beatson, alieleza jinsi uvimbe wa saratani ya titi ulivyosinyaa baada ya kumtoa mgonjwa ovari, wakati ambapo hakuna aliyejua homoni ni kitu gani. Tamoksifeni ilitengenezwa Uingereza mwaka 1962 ikikusudiwa iwe dawa ya kuzuia mimba. Kwa kazi hiyo haikufaa, lakini Mwenyezi Mungu akajaalia ifae kwa nyingine, na tangu miaka ya 1970 imekuwa ikitolewa kwa wagonjwa wa saratani ya titi. Uchambuzi mkubwa wa tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2011, ulionesha kwamba kwa wanawake ambao saratani yao ina vipokezi vya estrojeni, kuimeza kwa miaka mitano hupunguza vifo vitokanavyo na ugonjwa huo kwa takriban theluthi moja katika miaka 15 ya mwanzo. Jambo hili linahitaji kufikiriwa vizuri. Kidonge kinamezwa kwa miaka mitano, lakini kinga yake inaendelea kwa miaka kumi baada ya hapo. Anayeacha katikati hapotezi siku ile aliyoacha peke yake.

Tunasisitiza jambo hili kwa kuwa saratani ya titi ni ya pili kwa wingi miongoni mwa wanawake wa Tanzania, ikitanguliwa na ile ya mlango wa kizazi, na wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kusonga mbele. Mama wa Buswelu aliwahi. Alivumilia kisu na sindano zilizomnyonyoa nywele. Ingekuwa hasara kubwa iliyoje kwake kuangushwa na magoti.

Lakini hatukumwambia avumilie tu. Kuna watu ambao kila mgonjwa akilalamika humjibu kwa neno la subira. Subira ni ibada, na kutafuta tiba nako ni jambo aliloliamrisha Mtume wetu (s.a.w.), na hayo mawili hayagombani. Madhara ya dawa hizi ni ya kweli, yanajulikana na madaktari, na mengi yana namna ya kupunguzwa. Mgonjwa asiyeyasema hasaidiwi.

Maumivu ya viungo ndiyo yanayowafanya wengi waache anastrozoli na letrozoli. La ajabu kidogo ni kwamba dawa mojawapo yenye ushahidi mzuri ni kutembea. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wanawake 121 wenye maumivu hayo. Waliofanya mazoezi ya kutembea kwa haraka kwa jumla ya dakika 150 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki, maumivu yao makali yalipungua kwa zaidi ya robo baada ya mwaka mmoja, na wenzao ambao hawakufanya walibaki vilevile. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Mama anayeishi Buswelu, penye vilima na mawe, anaweza kutoka baada ya Alfajiri kabla jua halijachachamaa, akafuatana na mkwewe au jirani. Siku za mwanzo viungo vitakataa. Aanze na dakika kumi.

Ikiwa baada ya hapo maumivu hayavumiliki, daktari anazo njia nyingine: dawa za kutuliza maumivu kwa muda, kumsimamisha mgonjwa kidonge kwa wiki mbili tatu ili aone kama kweli ndicho chanzo, kumhamishia letrozoli kama alikuwa na anastrozoli, au kumhamishia tamoksifeni moja kwa moja. Kusimama huko kuwe kwa amri ya daktari na kuwe na tarehe ya kurudi.

Kuhusu Swala, mama alikuwa amekwisha kuhamia kwenye kiti tangu takbira hadi salamu. Tulimkumbusha mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwa Imran bin Husayn (r.a.), kwamba mtu husali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, na asipoweza kwa ubavu. Yeye kusimama anaweza, kisichowezekana ni kuinuka kutoka chini. Basi na asimame kisomo chake, arukuu, kisha akae kitini kwa ajili ya sijda na kuashiria. Kila nguzo anayoiweza aitimize, na asiyoiweza imesamehewa.

Joto la ghafla linahitaji ufundi wa nyumbani zaidi kuliko wa hospitali. Mabuibui mengi yanayouzwa sasa ni ya kitambaa cha nailoni kisichopitisha hewa. Sitara haikushurutishwa nailoni, na ya pamba ipo. Ndani avae nguo nyepesi mbili badala ya moja nzito, ili aweze kupunguza anapokuwa na wanawake wenzake. Chai ya moto sana, kahawa na pilipili huwachochea baadhi ya wanawake, na kila mmoja hujijua kwa kujichunguza siku chache. Maji ya baridi kabla ya kulala, dirisha lenye wavu lililo wazi, na khanga kavu kando ya kitanda kwa ajili ya jasho la usiku, vyote husaidia. Na jasho, hata likiwa jingi namna gani, halitengui udhu. Tumelitaja hilo kwa sababu mama huyu alikuwa akitoka safuni kwenda kutawadha upya, na hakuna aliyemweleza.

Panapohitajika dawa ya kupunguza joto hilo, zipo, lakini aandike daktari anayejua kwamba mgonjwa yumo katika tiba hii. Anayemeza tamoksifeni, kwa mfano, baadhi ya dawa za sonona kama paroksetini na fluoksetini huzuia ini lisiigeuze tamoksifeni kuwa katika hali yenye nguvu.

Hapa tuna onyo. Jirani mwema anaweza kusema, "Mimi joto hilo liliniondoka kwa vidonge vya homoni, chukua hivi vyangu." Kwa jirani ambaye hakuwahi kupata saratani ya titi, tiba ya kurejesha homoni inaweza kuwa halali ya kitabibu. Kwa huyu wetu ni kuumwagia moto mafuta. Utafiti uitwao HABITS, ulioongozwa kutoka Sweden, uliwapa vidonge vya aina hiyo wanawake waliokwisha kutibiwa saratani ya titi, na mwezi Desemba 2003 ulisimamishwa kwa sababu ugonjwa ulikuwa ukiwarudia zaidi ya wenzao. Vidonge vya majira havimfai vilevile. Ama mitishamba na habbat sauda, hatumzuii mtu kutia kijiko cha habbat sauda katika asali yake, lakini isiwe badala ya kidonge, na michanganyiko ya makopo isiyotaja kilichomo iachwe.

Tumefika kwenye lile la tatu. Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Ansari kwamba haya haikuwazuia kujifunza dini yao, nasi tunaona mwili wa mwanamke ni sehemu ya elimu hiyo. Ukavu na maumivu katika tendo la ndoa ni matokeo ya kupungua kwa estrojeni. Haimaanishi kwamba mke amemchoka mumewe. Katika maduka ya dawa kuna jeli laini iliyotengenezwa kwa maji, isiyo na homoni ndani yake, na hiyo ndiyo ya kuanzia. Krimu zenye estrojeni zisitumiwe kabla ya kumwuliza daktari anayesimamia saratani.

Tulimshauri mama amweleze mumewe. Alisita sana. Alisema katika miaka 31 ya ndoa hawajawahi kuyazungumza mambo hayo kwa maneno. Tukapendekeza aende naye kliniki, mganga aeleze mbele ya wote wawili. Mzee alikubali, na baadaye alimwambia mwanawe (nasi tulisimuliwa na mkwe) kwamba alidhani mkewe anamkimbia kwa kuona aibu ya titi lililokatwa, na yeye alikuwa akikaa mbali ili asimwongezee aibu. Miezi minne kila mmoja alikuwa akimhurumia mwenzake kimyakimya kutoka upande wake wa kitanda.

Pale kliniki waliamua kumhamishia tamoksifeni, kwa ajili ya magoti yake, baada ya kuhakikisha hana historia ya damu kuganda katika mishipa. Kwa wakazi wa kanda hii tiba ya saratani inapatikana Hospitali ya Rufaa ya Bugando, mionzi ikiwamo, wala si lazima tena kila mgonjwa asafiri hadi Ocean Road, Dar es Salaam.

Tamoksifeni nayo ina mambo yake, na wanawake wa Kiislamu wanapaswa kuyajua mawili khasa. Inaweza kuleta ute mwingi. Ute ukitoka mfululizo bila ya kukatika, mwanamke huyo huwa na hukumu ya mwenye udhuru: ajisafishe, aweke kitambaa, atawadhe kila wakati wa Swala ya faradhi unapoingia, kisha asali, hata kama kitu kitatoka katikati. La pili ni damu. Dawa hii, ingawa huzuia homoni katika titi, katika tumbo la uzazi la mwanamke aliyekoma hedhi hufanya kazi kama homoni, na huongeza kidogo hatari ya saratani ya mji wa mimba. Madhehebu yamehitilafiana juu ya damu inayoonekana baada ya umri huo. Hanbali huweka mpaka wa miaka 50, Hanafi kwa kauli mashuhuri 55, na Imam Shafi, ambaye wengi wetu tunafuata madhehebu yake, hakuweka mwisho usiovukwa, bali hutazama sharti za damu yenyewe. Kwa Shafi, damu isiyotimiza kiasi cha mchana na usiku mmoja si hedhi, na Swala haiachwi kwa ajili yake. Aliye na shaka amwulize shekhe au ustadhati wa msikiti wake. Lakini jibu la shekhe, liwalo lolote, ni la Swala. Damu yoyote, hata tone, inayoonekana kwa mwanamke aliyekoma hedhi anayemeza tamoksifeni, imfikishe kwa daktari ndani ya siku chache. Tunao msomaji mmoja aliyepewa hukumu sahihi ya istihadha, akasali vizuri kwa miezi sita, wala hakuna aliyemwambia aende kupimwa.

Zipo na dalili zisizongojea siku: mguu mmoja kuvimba na kuuma nyuma ya ndama, kifua kubana na pumzi kukatika ghafla, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili. Hizo ni za kwenda hospitali usiku huohuo.

Wanaobaki na anastrozoli au letrozoli waangalie mifupa, kwa kuwa dawa hizo huikondesha. Watu wa ziwani wamejaaliwa. Dagaa anayeliwa mzima na mifupa yake ana kalisi ya kutosha kuaibisha vikopo vingi vya dukani, na bei yake Mwaloni Kirumba haimshindi mtu. Maziwa na mtindi vikipatikana ni nyongeza njema. Jua la asubuhi liifikie mikono na miguu ndani ya ua, kwani mwanamke anayejisitiri akitoka, na nyumbani akakaa ndani siku nzima, huenda akakosa vitamini D.

Swali la mwisho la mama lilikuwa la Ramadhani, na jibu lake ni jepesi kuliko alivyodhani. Vidonge hivi humezwa mara moja kwa siku. Tamoksifeni hukaa mwilini kwa siku nyingi na anastrozoli zaidi ya siku moja, kwa hiyo hakuna tatizo kuhamisha saa ya kumeza kutoka mchana kwenda usiku. Ikiwa daktari wake ameridhika na afya yake kwa jumla, anaweza kufunga na asikose kidonge hata kimoja. Akizidiwa na joto na kiu kiasi cha kuhofia madhara, ruhusa ya mgonjwa ipo, naye atalipa baadaye.

Tulizungumza naye tena juzi, kwa simu ya mkwewe. Joto bado linampanda, ingawa limepungua. Magoti yamelegea, na amerejea safuni kwa wanawake, karibu na mlango penye upepo. Pakiti haimo tena sandukuni. Imewekwa juu ya kabati la vyombo, kando ya sahani ya tende, na mumewe ndiye anayemkumbusha kila baada ya Magharibi. "Ananikumbusha hata nikiwa nimekwisha kumeza," alituambia, na nyuma yake tulimsikia mkwewe akicheka.